Moto wa Boila la Hällnora

Uppsala, 10 Februari 1974

Mpendwa Shangazi Tyra,

Shikamoo. Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu, maana sijawahi kukuandikia. Natumaini wewe na mumeo, Mzee Albin, mnaendelea vizuri na baridi haijawazidi. Huku mwezi uliopita petroli ilikuwa ya mgao, na sisi wenye magari tulijifunza upya kutembea kwa miguu. Mama hajambo. Moyo unamsumbua kidogo, lakini kila Alhamisi anakwenda kunywa kahawa na wanawake wenzake pale Jumba la Wananchi, na nikimpigia simu ananipa habari za kijiji kizima. Tangu baba afariki Oktoba, nadhani hiyo Alhamisi ndiyo inayomshikilia.

Shangazi, nina jambo. Hapa chuoni nimepewa kazi ya kuwafundisha wanafunzi wageni utangulizi wa historia ya Sweden. Wanatoka kila pembe: Wapolandi, Wamarekani, Mjapani mmoja, na sasa Wachile waliokimbia mapinduzi ya kwao. Nimewaandikia kijitabu chepesi, nakituma pamoja na barua hii. Mwezi Juni nitawaleta Hällnora wajionee wenyewe kwamba nchi hii ilijengwa na watu wa kawaida wa kiwanda cha mbao, siyo na wafalme peke yao. Siku hiyo hiyo, tarehe 15, chama cha wafanyakazi kitaupa ukumbi mpya wa Jumba jina la baba, na mimi nimeombwa nihutubie.

Nimewaza hivi: wewe ni dada yake. Ungekuja na Mzee Albin mkawasimulia wageni wangu mgomo wa 1932 ulivyokuwa? Wanaoukumbuka wamebaki wachache. Kahawa na keki zitakuwepo.

Ni mimi mtoto wa kaka yako,
Barbro


Hällnora, 3 Machi 1974

Barbro,

Marahaba. Imechelewa, lakini nimeipokea. Ulipokuwa na miaka sita ulikuwa unapita mbele ya lango langu na mfuko wa shule, na mama yako anakugeuza kichwa uangalie mtoni. Sikukulaumu. Mtoto atafanya nini?

Sisi tupo. Theluji imefika madirishani. Albin hawezi tena kuizoa, anashika koleo mara mbili kisha anakaa kwenye ngazi anatafuta pumzi, kwa hiyo naizoa mimi. Ng'ombe tulimuuza. Paka bado anatusumbua.

Kijitabu chako nimekisoma chote, kwa miwani ya Albin maana yangu imevunjika. Mfalme Gustav anawakimbia Wadani kwenye theluji, sawa. Wanajeshi wetu wanachoma nusu ya Ujerumani, umeandika kwa adabu sana, mtu anaweza kudhani walikwenda kutalii. Watu wanakula magome ya miti, kisha wanapanda meli kwenda Amerika, sawa, bibi yetu aliyala hayo magome. Miaka mia na sitini bila vita, hongereni. Halafu tunafika kwetu. "Mwaka 1932 wafanyakazi wa Hällnora walisimama kama mtu mmoja majuma kumi na moja, chini ya katibu wao Hjalmar Östlund." Kama mtu mmoja! Haya. Mimi na Albin basi hatukuwa watu.

Hatutakuja. Kwenye Jumba lile sijakanyaga tangu mwaka huo unaousema, na keki zenu hazitanitoa hapa. Unaniuliza kana kwamba hukukulia mtaa wa pili. Hujui kweli, au umesoma sana hadi umesahau? Muulize mama yako.

Tyra


Uppsala, 14 Machi 1974

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo tena. Pole kwa kazi ya theluji. Nimeshtuka kusikia Mzee Albin hana pumzi. Tafadhali mpelekeni hospitali ya mkoa, msingoje nesi wa kijiji. Huku barafu ya mtoni imeanza kupasuka na wanafunzi wangu wamekwenda kuipiga picha.

Ninalolijua ni hili: watoto shuleni walisema Mzee Albin alikwenda kazini wakati wa mgomo, na kwamba mtu wa namna hiyo haamkiwi. Nyumbani jina lake halikutajwa. Nimempigia mama kumuuliza. Akasema maziwa yanachemka, akakata simu. Shangazi, simu iko sebuleni na mama hanywi maziwa.

Miaka arobaini na miwili ni mingi kwa hasira. Hao waliowanunia wengi wako makaburini. Mimi ni mwanahistoria, nataka kusikia pande zote. Niambie.

Barbro


Hällnora, 21 Aprili 1974

Barbro,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya hospitali. Tulikwenda, kama ulivyoshauri. Daktari ni kijana mpole, alitupa viti. Mapafu ya Albin yamekwisha, vumbi la mbao, na theluji ijayo hataiona. Albin akamshukuru, akamuuliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi.

Unataka pande zote. Hii ni ya kwetu, na nitaisema mara moja tu.

Ilikuwa Februari, baridi ya kupasua miti. Mgomo ulikuwa kwenye wiki ya tatu. Baba yako, katibu wa chama, alikuja hapa jikoni, akavua viatu mlangoni, akakaa karibu na jiko. Akasema, "Shemeji, boila likipoa maji yataganda ndani na mabomba yatapasuka. Tutashinda mgomo tusiwe na kiwanda cha kurudi. Wewe ndiye mchochea moto, unalijua. Nenda ukaweke moto mdogo tu, usiguse hata ubao. Kamati niachie mimi." Albin akamuuliza, "Na watu wakiniona?" Kaka yangu akacheka. "Nani atakugusa, na mimi ndiye niliyekutuma?"

Akaenda wiki nzima. Watu wakaona moshi. Mkutano ukaitwa pale Jumba, ukajaa hadi ngazini. Mwenyekiti akauliza kama yupo aliyempa ruhusa. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake, nikamwangalia kaka yangu. Alikuwa anaandika muhtasari. Hakuinua kichwa. Mwenyekiti akauliza tena. Albin naye kimya, anamngoja Hjalmar aseme, ndivyo alivyo, mtu wa kungoja zamu yake. Kisha kura ya mikono. Mkono wa Hjalmar ulipanda, Barbro. Mkono wa kaka yangu wa tumbo moja! Nyundo ikagonga meza na mume wangu akawa msaliti.

Nikamwambia Albin, sema! Akasema, "Nikimtaja katibu sasa hivi, mgomo unavunjika na wote wanalala njaa." Wiki nane baadaye wakashinda. Asubuhi waliyorudi mvuke ulipanda bila tabu, kwa kuwa mabomba yalikuwa mazima. Na Albin akafukuzwa, maana hakuna aliyekubali kusimama kando yake. Tangu hapo amekuwa akikata kuni za kanisa. Nikikaa benchi la kanisani, benchi lote ni langu. Kwenye duka la ushirika chenji yangu inawekwa juu ya kaunta, mkononi hawanipi, hadi leo, na binti anayeiweka hakuwa amezaliwa. Nani aliyemfundisha?

Sasa nakuomba, na mimi si mwombaji. Hapa kwetu mfanyakazi akifa anabebwa na wenzake sita, bendera ya chama inatangulia. Albin anasema bendera hana haja nayo. Anataka watu sita wa Hällnora washike jeneza lake, asibebwe na vibarua wa mjini kama mtu aliyeokotwa. Hilo tu. Hawatakuja mpaka jina lake lisafishwe, na mtu pekee watakayemwamini ni mtoto wa Hjalmar. Tarehe 15 Juni, ukisimama pale, sema: baba yangu ndiye aliyemtuma.

Tyra


Uppsala, 5 Mei 1974

Mpendwa Shangazi Tyra,

Shikamoo. Habari ya Mzee Albin imenihuzunisha mno. Nimewatumia kahawa ya kusaga na blanketi la sufu, natumaini posta imefikisha.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Sikatai kwamba mmeteseka, na mateso yenyewe hayakuwa ya haki, hata kama mtu angekuwa na kosa. Lakini nifahamu. Kazini kwangu nawafundisha wanafunzi kila siku kwamba kumbukumbu ya mtu mmoja haitoshi. Muhtasari wa mkutano nimeusoma, hauna neno lolote juu ya ruhusa. Wa kamati wamekufa wote. Na hata kama baba alimpa ufunguo wa mlango wa nyuma, hiyo peke yake haionyeshi kwamba alimtuma. Huenda walielewana vibaya, watu walikuwa na njaa na hofu. Nikisimama mbele ya umati nikatamka jambo nisiloweza kulithibitisha, nitakuwa nimefanya kazi ya uvumi.

Kuna jingine, nalo nalisema waziwazi. Mama ana miaka sitini na saba na moyo mbovu. Watu wa Hällnora watamfanyia yeye kile walichokufanyia wewe. Unataka mama yangu akae peke yake mezani uzeeni?

Barbro


Hällnora, 9 Mei 1974

Barbro,

Ufunguo sikuutaja.

Kaisome tena barua yangu, kama hujaichoma. Ufunguo haumo. Habari ya mlango wa nyuma tuliijua watu watatu tu: Hjalmar aliyeutoa ufunguo, Albin aliyeupokea, na mimi niliyekuwa nakoroga uji. Albin hajawahi kuongea na wewe. Kwa hiyo baba yako alikwambia. Hospitalini, siyo? Alilia? Natumaini alilia.

Umeniuliza kama nataka mama yako akae peke yake. Mimi nimekaa. Bado ni mzima, tazama.

Usiniandikie tena habari za ushahidi. Ni sentensi moja. Tarehe 15.

Blanketi limefika. Albin analipenda.

Tyra


Uppsala, 24 Juni 1974

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Kulikuwa na mitihani, kisha sikukuu ya katikati ya kiangazi. Mvua ilitunyeshea tulipokuwa tunacheza kuzunguka mlingoti uliopambwa maua, lakini wageni walifurahi hata hivyo, Mjapani alivaa taji la maua hadi kwenye basi.

Utakuwa umesikia. Nilisimama. Shangazi, nakuapia nilikuwa na ile sentensi mdomoni. Lakini mama alikuwa safu ya mbele, kofia mpya, ananitazama, na bendera zimepangwa, na jina la baba ukutani kwa herufi za shaba. Nikasema hivi: "Kila mapambano yana majeraha yake, na zipo familia miongoni mwetu zilizoumia kuliko zilivyostahili." Naamini wenye masikio walielewa. Sentensi hiyo nitaiingiza pia kwenye kijitabu mwaka ujao.

Kuna jambo lililoniudhi, bora nilitaje. Mwanafunzi wangu mmoja Mchile, Eliana, alitoweka baada ya kahawa. Basi zima lilimngoja. Kumbe alikuwa kwako! Alipita kijijini akauliza nyumba ile ya peke yake ni ya nani, na kwa kuwa kila mtu aligeuza uso, yeye akaenda kubisha hodi. Njiani akaniuliza mbele ya wenzake, kwa Kiswidi chake cha kuokoteza: "Mwalimu, wale wazee wawili wako ukurasa gani?" Nilimjibu kwa ukali. Yeye ni mgeni, hajui mambo yetu, na haikuwa haki kumwingiza.

Kuhusu ufunguo sina la kusema.

Barbro


Hällnora, 2 Julai 1974

Barbro,

Hakuna aliyemwingiza. Alibisha hodi, nikafungua. Akasema anaitwa Eliana na ana kiu. Kisha akamwendea Albin akampa mkono. Mkono! Albin aliutazama kwa muda kama mtu aliyepewa chombo asichojua kinashikwaje. Akaushika, na msichana wa watu hakuweza kuondoka, maana mzee hauachii. Tukanywa kahawa. Maneno yake ya Kiswidi ni machache lakini anayatumia yote. Kaka yake alichukuliwa na wanajeshi kule kwao, na majirani wakaacha kumwamkia mama yake siku hiyo hiyo. Hakuhitaji kijitabu kutuelewa.

Hotuba yako nimesimuliwa. "Zipo familia." Familia zipi, Barbro? Ziliumizwa na nani, na mvua? Mwenyekiti wa sasa wa chama alipiga makofi kuliko wote, na hapo ungejua umesema nini.

Nimeacha kukuomba. Viazi vimechanua. Albin hatoki tena kitandani.

Tyra


Uppsala, 30 Agosti 1974

Mpendwa Shangazi Tyra,

Habari ya msiba imenifikia jana kupitia Eliana. Sikujua kwamba mnaandikiana. Pole sana, pole mno. Mzee Albin apumzike. Nimelia, amini usiamini.

Ningekuwepo kwenye mazishi tarehe 7, lakini wiki hiyo hiyo wanafunzi wapya wanafika, ishirini na sita safari hii, na somo la kwanza la utangulizi haliwezi kuahirishwa wala kutolewa na mtu mwingine. Nimeagiza shada la maua meupe. Mama sijamwambia tarehe. Daktari kamkataza mishtuko, nakuomba na wewe usimwambie.

Nakukumbatia,
Barbro


Hällnora, 22 Septemba 1974

Barbro,

Shada lilifika. Nililiacha stendi ya basi, nikasikia baadaye mtu amelipeleka kwenye kaburi la baba yako. Mahali pake ni huko huko.

Nitakupa habari ya mazishi, maana wewe hupenda kujua mambo yalivyokuwa. Siku ile ilikuwa ya msimu wa kuwinda. Nilikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wiki moja kabla, nikasimama uani, nikamwomba watu. Mke wake akasema kutoka dirishani kwamba wanaume wote watakuwa msituni, unajua msimu, hakuna anayebaki. Haya. Asubuhi ya mazishi mbwa wa kuwindia walikuwa wanabweka kwenye kila ua wa kijiji hiki. Nani anakwenda kuwinda akamwacha mbwa nyumbani? Wote walikuwa ndani, nyuma ya mapazia.

Jeneza lina mikono sita ya kulibebea. Vibarua wa mjini walikuja wawili, na dereva wao wa tatu. Eliana alifika kwa treni kisha basi, viatu vyembamba, ametota. Sijui uliwafundisha nini wiki hiyo, lakini yeye alikuwa hapa. Akashika wa nne. Mchungaji akasema wanawake hawabebi. Nikamwambia basi abebe yeye, akatazama vitabu vyake. Nikashika wa tano. Mkono mmoja ukabaki mtupu na jeneza likawa linalalia upande wa nyuma, tukashindwa kuondoka langoni. Nilisimama pale, Barbro, nikamchukia kila mtu aliye hai.

Ndipo mama yako akaja. Alishuka barabara ya katikati kabisa, mbele ya duka la ushirika, kofia ile mpya kichwani, polepole kwa sababu ya moyo. Hakuna aliyemwambia, alisikia kengele akajua mwenyewe nani anazikwa. Akaja hadi ubavuni kwangu. Miaka arobaini na miwili hatujasemezana, tuliokuwa tukioka mikate pamoja kila vuli. Akasema, "Sogea, Tyra, na mimi nipate nafasi." Akashika wa sita. Tulipumzika njiani mara mbili kwa ajili yake, kisha tukamfikisha Albin.

Baada ya kaburi alikuja hapa, tukakaa. Aliijua habari ya ufunguo tangu wiki ile ya kura. Amesema alinyamaza kwa hofu, kisha kwa aibu, na mwisho kwa mazoea. Sijamsamehe, nimemwambia hivyo usoni, na bado nikamtilia kahawa. Na amenieleza la Oktoba. Baba yako alipokuwa kitandani aliomba aitiwe mwenyekiti, apate kulisema kabla hajafa. Aliomba mbele yenu nyote wawili. Mama yako alikwisha kuinuka kwenda kwenye simu. Wewe ndiye uliyemshika mkono ukasema, "Mama, kaa. Baba amechoka, tutaongea kesho." Kesho yake hakuamka.

Nilidhani unamlinda mama yako. Yeye mwenyewe alidhani hivyo, hadi uliposimama ukumbini chini ya lile jina la herufi za shaba.

Alhamisi iliyofuata alikwenda Jumba kunywa kahawa kama kawaida yake. Wanawake wakabeba vikombe wakahama meza. Yeye alikimaliza chake bila haraka, akaosha kikombe, akaja kwangu. Na Alhamisi hii amekuja moja kwa moja, hakupitia kule.

Leo pia yupo, anamenya viazi. Nimemwambia nakuandikia, nikamuuliza kama ana salamu zozote.

Amesema hana.

Tyra